Transista ya Redio ya Bibi

Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka ndiyo iliyonirudisha. Wiki iliyopita nilipeleka feni yangu kwa fundi pale Maili Moja. Alipogusisha kile chuma chake cha moto kwenye risasi, ukapanda moshi mwembamba, wenye utamu wa utomvu wa mti na ukali kidogo unaokuna koo. Wateja wengine walikunja pua. Mimi nikasogea karibu kabisa, nikavuta pumzi, na yule kijana akaniangalia kwa wasiwasi kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeniangalia. Angejuaje kwamba mama mtu mzima huyu, mwenye miwani na mkoba, alikuwa amerudi kuwa na miaka kumi, amekaa kwenye mkeka sebuleni kwao Pangani, Kibaha, akimuuliza shangazi yake maswali ya mtihani?

Shangazi Mwanahawa alikuwa mdogo wake baba na aliishi nasi. Mchana alikuwa karani ofisi ya serikali, jioni alikuwa mwanafunzi wa leseni ya redio ya ridhaa, yaani ruhusa ya kuwa na mtambo wako mwenyewe nyumbani na kuzungumza na watu wa nchi za mbali, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Mtaani kwetu jambo hilo halikueleweka hata kidogo. Mama yangu, ambaye alikuwa na ulimi, aliwaambia majirani kwamba wifi yake amewakosa wanaume wa Kibaha sasa anatafuta mume angani. Shangazi alicheka kuliko wote, kisha akarudi kwenye daftari lake.

Alikuwa ameambiwa kwamba siku ya mtihani atawekewa vipuri mezani, kimoja kimoja, avitaje na aeleze kazi yake. Basi alichukua kadibodi ya boksi la sabuni akabandika vipuri alivyovichomoa kwenye vyombo vibovu vya watu. Rezista, mwembamba mwenye mistari ya rangi, kazi yake kuubana umeme usipite wote. Kapasita, wa duara, anayeuhifadhi kidogo na kuuachia. Dayodi, anayeruhusu umeme kwenda na kuukatalia kurudi. Koili ya waya wa shaba. Mimi ndiye niliyeshika kadibodi na kuuliza. Rangi za rezista alizifanya wimbo: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne. Mimi na wenzangu tukaruka kamba kwa wimbo huo mtaa mzima, mpaka mwalimu mmoja jirani akaja kumuuliza mama ni kwaya gani hiyo.

Chini kabisa ya kadibodi palikuwa na nafasi moja tupu. Shangazi alikuwa amechora kwa penseli kitu chenye kofia ndogo na miguu mitatu, akaandika pembeni: transista, ya kukuza sauti. Hakuwa nayo. Vyombo vibovu alivyopata vyote vilikuwa vimeshachomolewa transista zake na mafundi waliomtangulia. Nilimpenda shangazi yangu kupita kiasi, na ile nafasi tupu ilinikera kama jino lililong'oka. Niliapa moyoni kwamba nitaijaza.

Desemba ile nikapelekwa likizo kwa Bibi, Kibuta, Kisarawe. Bibi alikuwa mama yake baba, mwembamba, mwenye mikono inayonuka majani ya mihogo, na aliniita mke mwenzake, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake wa kike. "Mke mwenzangu, njoo unisugue mgongo, umekula chakula cha mume wangu bure tangu asubuhi." Mume mwenyewe, babu yangu, alikuwa ameshafariki, lakini utani wa Bibi haukumhitaji awepo.

Mali yake ya thamani ilikuwa redio, ya mbao pembeni, iliyofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Aliifungua mara moja tu kwa siku, saa kumi jioni, wakati wa matangazo ya vifo. Nyinyi mliokua na simu mkononi hamwezi kujua matangazo yale yalikuwa nini. Msomaji alitaja jina la marehemu, ukoo, ndugu mmoja mmoja na mahali walipo, popote pale walipo, na siku na saa ya mazishi. Barabara zetu za Kisarawe zilikuwa zinakatika mvua ikinyesha, na redio ndiyo iliyovuka matope. Mwaka ule Bibi alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kiti. Kaka yake wa tumbo moja, Babu Kibwana wa Maneromango, alikuwa amelazwa hospitali mjini na hali yake haikuwa nzuri. Matangazo yakiisha bila jina lake, Bibi alishusha pumzi na kusema, "Alhamdulillahi, leo hayumo." Mimi nilikuwa nimekaa pale nikipiga miayo. Kwangu ilikuwa orodha ndefu ya majina ya watu nisiowajua.

Asubuhi moja Bibi akaenda shamba, nikafungua mgongo wa ile redio kwa kisu cha jikoni. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, siwezi kuwadanganya. Vyote nilivijua! Rezista wale pale, kapasita yule. Na karibu na spika zilisimama transista mbili zenye kofia za bati, zinazofanana kila kitu, sawa kama mapacha. Nikafikiri kama mtoto wa nyumba ya Kitanzania anavyofikiri: ukiona vitu viwili vya aina moja, kimoja ni cha akiba. Mama alikuwa na pasi mbili, moja ya akiba. Baba alikuwa na tochi mbili. Nikachukua wembe, nikakata miguu mitatu ya mmoja wa wale mapacha, nikaifunga transista kwenye pindo la kanga yangu, nikarudisha mgongo wa redio na kitambaa chake.

Saa kumi Bibi akafungua. Sauti ilitoka, lakini ilikwaruza na kukatika, kama mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya ndoo, na hakuna neno hata moja lililosikika sawasawa. Bibi akaipiga kofi. Akaigeuza. Mwisho akasema ni betri, akazitoa akazianika juani kama alivyozoea, lakini yalikuwa majira ya vuli, na jua lilitoka na kuingia. Nilimtazama akizigeuza betri zile juu ya ungo, moja moja, kwa subira. Ningeweza kusema pale pale. Lakini akilini nilikwishauona uso wa shangazi nikimpa ile transista, na nilinyamaza.

Siku iliyofuata, kabla ya saa kumi, Bibi akajifunga kanga ya pili akavuka kijito kwenda kwa Mama Zuhura, jirani mwenye redio. Ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu yake. Akarudi na matope magotini, akasema, "Hayumo." Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa akaenda tena, goti likiwa limeanza kumvimba. Siku ya nne, Jumatano, mvua ilishuka tangu adhuhuri na kijito kikajaa mpaka kwenye migomba. Bibi alisimama barazani na kanga zake mbili, akakiangalia, akarudi ndani.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mama Zuhura aliweza kuvuka. Alifika ameloa, hakuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kibwana?"

"Pole, mama yangu. Ametajwa jana. Wanamzika leo saa nne."

Bibi hakulia. Alichukua kanga nyingine, akanishika mkono, tukatoka. Tulikwenda kwa miguu mpaka barabarani, tukangoja, tukapata lori la mkaa lililonasa mara mbili kwenye matope. Njia nzima alikuwa akiuliza saa. Tulifika Maneromango baada ya adhuhuri, na wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakinawa miguu.

Kwetu wanawake hawaendi kaburini. Wao humuaga marehemu ndani, hufunuliwa uso wake mara ya mwisho kabla hajatolewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya Bibi kwa kaka yake, na ilikuwa imepita. Mwanamke mmoja wa nyumba ile akamkumbatia akamwambia, "Tulikungoja mpaka saa sita, dada. Tulijua umesikia redioni." Bibi akaingia chumba alicholazwa marehemu, akakaa kwenye kitanda cha kamba kisicho na godoro, akaweka kiganja juu ya zile kamba. Pale ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Baba na Shangazi Mwanahawa walikuwa wameshafika kutoka Kibaha. Nilimvuta shangazi nyuma ya jiko, nikafungua pindo la kanga, nikampa ile transista. Aliitazama ile miguu iliyokatwa. Aliponitazama mimi, alikuwa ameshaelewa yote.

"Ilikuwa ya kadibodi yako," nilisema. "Nilijua ya pili ni ya akiba."

"Hakuna ya akiba pale," alisema polepole. "Hizo mbili zinapokezana. Moja inasukuma sauti, nyingine inavuta. Ukitoa moja, inabaki nusu ya maneno."

Hakunipiga na hakunisema kwa baba. Alisema kitu kimoja tu, kwamba Bibi lazima aambiwe na kwamba atakayemwambia ni mimi.

Matanga yalipoanuliwa siku ya tatu, Shangazi aliturudisha Kibuta. Umeme hakukuwa na dalili yake, basi alichomeka msumari mnene kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, akatoa mkobani, kati ya poda na tasbihi, kipande cha risasi. Alirefusha ile miguu kwa vijiwaya, akaniambia nishike redio isitikisike, na moshi ukanipanda usoni. Redio ikasema tena kwa sauti yake nzima. Transista haikwenda kwenye kadibodi. Shangazi aliingia kwenye mtihani na nafasi yake tupu, na akafaulu, na kwa miaka mingi baadaye majirani walimsikia akiita watu wa mbali kutoka chumba chake cha uani.

Nilimwambia Bibi nikiwa nimepiga magoti, kamasi na machozi pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta mapajani.

"Mke mwenzangu, usilie. Redio ingekuwa nzima, kaka yangu angekufa Jumatano. Kwa kuwa iliharibika, kwangu mimi aliishi mpaka Alhamisi. Umenipa siku moja."

Nilimwamini. Wenzangu, nilimwamini kabisa, tena kwa raha. Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo, hata mwenye deni la bilinganya alimwambia ukweli mbele ya watu. Nilikua na maneno yale, nikawasimulia watoto wangu kama kichekesho, jinsi mama yao alivyoharibu redio na bado akamfanyia Bibi hisani. Bibi mwenyewe alifariki nikiwa sekondari, na sikuwahi kuyarudia naye.

Mwaka juzi baba yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kidogo kuoga na kubadili nguo, ndugu yangu akabaki hospitali akiahidi kunipigia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na simu yangu ikazima. Kwa hesabu ya Bibi ningepaswa kukaa nikanywa chai, kwa maana muda wote ule, kwangu mimi, baba alikuwa hai. Sikukaa. Nilitoka na kandambili zisizolingana, nikabisha hodi nyumba kwa nyumba nikiuliza nani ana jenereta, nikavuka mtaro wa maji machafu nisiangalie ninapokanyaga. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinichajia dukani kwake. Ujumbe ukaingia kwamba baba ametoka salama, na nikasema Alhamdulillahi kwa sauti.

Lakini niliketi kwenye ngazi ya duka lile nikalia, na yule mama akadhani nimepata msiba. Kutojua hakukunipa hata dakika moja. Bibi alilijua hilo akiwa amekaa kwenye kile kitanda kitupu, na goti lake lilikuwa bado limevimba aliponipakata na kuniambia kinyume chake. Alikuwa amenyang'anywa uso wa kaka yake na mtoto wa miaka kumi, na bado alitafuta uongo mmoja, pengine wa pekee maishani mwake, ili mtoto huyo aweze kulala usingizi. Nikalala, miaka thelathini.