Kiatu cha Kushoto

Mwezi ule viatu vyangu vilianza kupotea, tena kimoja kimoja, na kila mara cha kushoto. Kwanza ilikuwa kandambili ya bluu ninayovaa uani. Siku tatu baadaye kikafuata kiatu cheusi cha kwendea harusini. Mwizi wa kawaida huchukua viwili. Anayechukua kimoja ana lake jambo, na mimi si mtu wa kumdhania kila mtu mema.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukasirika. Kitabu changu kilikuwa kimekwama. Nilikuwa nimeandika sura tisa kuhusu mama yangu, aliyetuacha nikiwa na miaka sita, katika nyumba iliyo mitaa mitatu tu kutoka hapa ninapoishi sasa, Nyamirambo, Kigali. Mapishi yake nilikuwa nimeyaandika, na wivu wake, na jinsi alivyokuwa akicheka hadi anashika ubavu. Kilichobaki ni asubuhi aliyoondoka. Kila nilipomfikisha mlangoni, kalamu ilikataa. Kwa miezi minane mama yangu alisimama kwenye kizingiti kile, hatoki wala harudi ndani.

Na utaandikaje, una watoto wawili nyumbani? Binti ana miaka mitano, mdogo wake mitatu. Huyu amemwaga uji, yule anataka kujua kama kuku ana meno, na anataka kujua sasa hivi. Nikishachoka nilikuwa nikiwafokea maneno ambayo kila mama huyasema: "Mkiendelea hivi nitaondoka, niwaache na kelele zenu!" Walikuwa wakinyamaza. Nami nilikuwa nikirudi mezani kuutazama ukurasa uleule.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa mume wangu. Aliwahi kuniambia, kwa upole ulionitia shaka, kwamba pengine mambo mengine yaachwe yapumzike. Mwanamume asiyependa kitabu anaweza kufanya lolote. Siku moja akiwa bafuni nilipekua begi lake la kazini. Nilikuta sambusa mbili zimefungwa kwenye gazeti. Nilizila, kisha nikahamishia macho uani.

Uani tunapakana na fundi wa nguo, mwanamke mpana, mkimya, ambaye cherehani yake huanza kulia barazani kabla jua halijakolea. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Mama, kitabu bado?" Sasa mtu asiyejua kitabu kinahusu nini anakiulizia cha nini? Bibi yangu, aliyenilea baada ya mama, alizoea kusema kiatu cha mtu hakichezewi. Kimebeba jasho lake na unyayo wake, na mwenye nia mbaya akikipata anaweza kukufunga usisonge mbele. Mimi nimesoma. Nilimcheka bibi akiwa hai na nikamcheka tena alipokufa. Lakini mbona kitabu hakikuwa kikisonga? Kwamba kilikuwa kimekwama miezi saba kabla ya kiatu cha kwanza kupotea, hilo nililipuuza.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Nikampelekea wote wawili. Nilimwomba anisaidie kuwaangalia asubuhi mpaka saa nne, ili niandike. Alikubali upesi mno, na hilo nalo nikaliandika moyoni. Watoto walifurahi, kwa kuwa chini ya meza yake kuna boksi kubwa la mabaki ya vitambaa ambalo walikuwa wamezoea kulichezea tangu zamani. Mimi nilikaa dirishani na kalamu mkononi nikimchungulia fundi. Sikuandika neno.

Asubuhi moja nikakuta raba yangu ya kushoto haipo. Ndiyo ilikuwa jozi ya mwisho. Nilivuka uani pekupeku, nikafika barazani bila hata salamu, nikainama. Ndani ya boksi, kati ya vipande vya kitenge, nilikiona kisigino cheusi. Nikavuta. Kilitoka kiatu cha harusini, ikatoka kandambili, ikatoka raba.

"Kumbe ni wewe!" nikasema, na sauti yangu ilifika barabarani. "Viatu vyangu unavifanyia nini?"

Fundi alisimamisha cherehani. Hakukasirika, na mpaka leo naona haya nikikumbuka hivyo.

"Yewe mama, viatu yako ntafanyia nini? Mimi mguu yangu iko kubwa." Akamwangalia binti yangu. "Huyu analeta, anaficha pale. Mimi nilizani munacheza."

Binti yangu alikuwa ameshasimama kati yangu na boksi.

"Usivichukue," akasema.

"Kwa nini unanifichia viatu?"

"Si ulisema utaondoka? Mtu hawezi kwenda barabarani na kiatu kimoja."

Ni kweli. Hapa Kigali mtu hatoki nje pekupeku. Hata anayekimbilia mkate dukani huvaa kwanza, maana asiye na viatu atatazamwa hadi arudi alikotoka. Mwanangu alikuwa ameujua mji wake, akanifungia ndani kwa kutumia watu wake wote. Nami wiki zile zote nilikuwa namshuku kila aliyenizunguka, nisijue kwamba kuna mtu ananishuku mimi, tena mwenye ushahidi.

Nilikaa chini sakafuni, uso wangu ukalingana na wake. Nilimwambia siondoki. Hakuliacha boksi. Basi nikarudi nyumbani, nikachukua viatu vyote vya kulia, nikamletea. Alivipokea kimoja kimoja, akavitia kwenye boksi, akavifunika kwa kitenge. Fundi nilimwomba radhi, na maneno yalinitoka kwa shida.

"Nta kibazo," akasema, yaani hakuna tatizo, na mguu wake tayari umekanyaga cherehani. "Na kitabu? Bado?"

"Bado," nikasema. Kwa mara ya kwanza swali lile halikuniudhi.

Nilivuka uani pekupeku, nikaketi mezani. Katika sura ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba asubuhi ile mama alipoondoka nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimewaambia hivyo bibi, na mume wangu, na mtu yeyote aliyewahi kuniuliza. Nilikata mstari ule, nikaandika ilivyokuwa.

Nilikuwa macho. Mama alisimama mlangoni na mkoba begani, akitafuta kitu kwa macho. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu humletea mkubwa viatu vyake. Nikakimbia, nikamletea vyote viwili, nikavipanga vizuri miguuni pake, vikitazama nje.