Kisima Chetu Katika Ramani ya Mama Mdogo

"Mama Mdogo, kisima chetu kimefaulu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimechuchumaa kando ya pampu, namtazama anavyosuuza kichupa kwa maji yaleyale kabla ya kukijaza. Alikuwa amesema anapima visima vyote vya upande wetu, na mimi kwa akili zangu za shule nilijua kitu kikipimwa lazima kipewe maksi. Akacheka. Akaandika namba kwenye kichupa, akakifunga, akasema, "Matokeo bado, mwanangu. Yakitoka nitakwambia."

Mama Mdogo ni mdogo wake mama, wanafuatana. Mtaani walimwita Daktari wa Mawe, kwa kuwa alisomea miamba, na tangu utotoni hakuweza kupita kokoto nzuri bila kuitia mfukoni. Alisoma wakati wenzake wanaolewa, akaendelea kusoma wakati wenzake wanasomesha watoto. Bibi alisema huyu atazeekea darasani. Lakini wageni wakija, bibi huyohuyo ndiye wa kwanza kuwatangazia, "Kitindamimba wangu yuko chuo kikuu, anaisoma ardhi mpaka chini kabisa."

Siku ile ya kichupa nilimganda kama kupe mpaka akanieleza kazi yake. Kuna madini yanaitwa floraidi. Yanatoka kwenye miamba, yanayeyuka katika maji ya chini ya ardhi, wala huyaoni, huyanusi, huyaonji. Yakiwa kidogo yanaimarisha meno. Yakizidi, meno ya mtoto yanaharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, kabla hayajaota, na miaka ikienda mifupa nayo inafuata. Basi watu wa vitivo vinne walikuwa wameungana. Yeye wa miamba anakusanya maji. Daktari wa meno anachungulia vinywa vya watoto. Mtu wa hesabu anatengeneza ramani ya kubashiri, iseme hata pale ambapo hakuna aliyepima. Na mhandisi anaunda chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ya ng'ombe inasafisha maji ili yasiharibu mifupa ya watu! Nilitamani nikue siku hiyohiyo, niende chuo kikuu.

Kisima chetu kilichimbwa na baba, kwa mashine, mwaka mmoja kabla mdogo wangu hajazaliwa. Kilikuwa fahari yake. Majirani walikuja na ndoo zao, wakachota bure, na baba alipenda kukaa barazani akiwasikiliza wanavyosifia utamu wa maji. Mimi meno yangu makubwa ya mbele yalikuwa yameshakamaa kabla ya kisima. Mdogo wangu alikuwa bado anatambaa.

Mama Mdogo aliporudi wiki chache baadaye, alikuja na chupa yake ya maji mkobani.

"Chai hii hapa, mdogo wangu," mama akamwambia.

"Asante dada, nimeshiba."

"Chai nayo inashibiwa?"

"Nina maji yangu."

Mama aliitazama ile chupa. "Haya. Mtu akisoma sana, hata vikombe vya kwao vinaanza kunuka."

"Mwache," baba akatania. "Labda huko chuoni wanakunywa mawe."

Tulicheka. Mama Mdogo naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa jikoni, kwenye sufuria iliyokuwa inatokota. Yalikuwa maji ya uji wa mdogo wangu. Mama alikuwa mtu wa kuchemsha. Hakuna tone lililoingia kinywani mwa mtoto yule bila kupita motoni.

"Dada, hayo maji usiyachemshe sana."

"Nisichemshe?"

"Maana yangu, yasikauke. Yakipungua, vilivyomo havipungui."

"Vilivyomo vipi?"

Akaufunga mkoba wake. "Chumvichumvi tu."

"Miaka yote hiyo umesoma, halafu unakuja kuniambia nisichemshe maji ya mtoto. Hata bango la zahanati linakushinda."

Tangu siku hiyo mama alichemsha zaidi. Aliacha sufuria itokote mpaka maji yanafika nusu, na kila mara alisema, kwa sauti ya kumfikia mtu asiyekuwepo, "Daktari wa Mawe aje aone."

Miaka ikaenda. Kila aliyeuliza habari za masomo yake aliambiwa makala iko kwa wakaguzi wa jarida, wameirudisha, ameirekebisha, imerudi tena kwao. Mimi nilifika kidato cha kwanza. Mdogo wangu akaanza kung'oka meno ya utoto, tukawa tunamwita Kibogoyo, na yeye alilipenda jina hilo. Alikuwa anaingiza ulimi kwenye pengo na kuongea kama mzee ili tucheke.

Ndipo makala ikatoka. Mama Mdogo alikuja nayo imechapwa, imebanwa kwa pini, na bibi akaibusu bila kujua imeandikwa nini. Soda zikafunguliwa. Mama, ambaye siku hiyo alikuwa amesamehe mpaka ile chupa, akauliza, "Haya tuelezee sisi mbumbumbu. Inasemaje?"

"Inasema maji ya chini ya upande huu yana madini mengi."

"Si jambo zuri? Mbona watu wananunua maji ya chupa kwa sababu ya hayo madini?"

Watu wakacheka. Mama Mdogo hakucheka. Aliweka glasi mezani taratibu, akasema, "Dada, msinywe tena maji ya kisima. Hasa mtoto."

Hakuna aliyecheka tena. Mama akamtazama. "Umejua lini?"

"Matokeo yametoka wiki hii, dada."

Mama akaamini. Kwa nini asiamini? Makala ilikuwa mezani, imeandikwa tarehe. Kesho yake baba alifunga pampu kwa mnyororo na kufuli. Majirani walikuja na ndoo, akawaeleza alivyoelezwa, wakaondoka wakisema kwamba amekuwa mchoyo, kwamba shemeji kupata cheo ndiko kumempa kiburi. Baba aliacha kukaa barazani.

Meno mapya ya Kibogoyo yaliota mwaka uliofuata. Yalitoka na mabaka ya kahawia, na mengine yana vishimo kama bati lililokaa mvuani. Shuleni wakambadilisha jina, wakamwita Kutu. Alipiga mswaki mpaka ufizi ukatoka damu. Nilimwambia si uchafu, hautoki. Akaniuliza, "Kama si uchafu, nimekosea nini?" Siku ya kupiga picha ya darasa alifumba mdomo, na tangu hapo sijamwona akicheka bila kiganja mbele ya uso. Mama hakumlaumu mdogo wake hata mara moja. Alijilaumu yeye na sufuria yake. "Aliniambia nisichemshe," alikuwa akisema. "Mimi kwa ubishi wangu nikampikia mwanangu sumu."

Ningeishia hapo kama si mwalimu wa kemia. Tulikuwa tunasoma maji, akaleta kifaa kidogo cha kukopa, cha kupima chumvi ya maji, akakichovya kwenye glasi, na namba ikajitokeza kabla hata hatujamaliza kusukumana ili tuone. Nikauliza kama floraidi nayo inapimwa kwa njia kama hiyo.

"Kifaa chake ni kingine, lakini kazi ni hiyohiyo. Dakika chache tu."

Niliandika jibu lake daftarini. Dakika chache. Halafu nikaikumbuka ile chupa ya mkobani.

Jumamosi nilikwenda chuoni kwake. Sasa ana ofisi, ina feni inayolalamika na rafu ya mawe yaliyobandikwa namba. Ukutani kuna ramani ya yule mtu wa hesabu, imejaa nukta za kijani na njano, na moja nyekundu iliyokolea. Hakuna majina pale, namba tu. Lakini njia ya kwetu naijua hata ikichorwa kwa mkaa.

Alinifuata kwa macho, akaelewa nilichofuata. Hakunizungusha.

"Nilikwenda kwa profesa wangu siku ileile nilipopima maji yenu," akasema. "Akaniambia kipimo kimoja ni uvumi, rudia. Nikarudia. Akasema tukitangaza kabla, wa chuo kingine watatuwahi, tusubiri ramani. Wa ramani anasubiri hesabu ya vinywa. Daktari wa meno anasubiri watoto waote meno. Mhandisi chujio lake liko mezani, anasubiri tumwambie rasmi kuwa tatizo lipo."

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Shahada."

"Ungemnong'oneza mama tu. Ni dada yako."

"Mama yako angewaambia majirani."

"Wangeacha kunywa."

"Wangeacha, ndiyo. Na daktari alihitaji watoto waliokunywa kisima kimoja bila kubadilisha." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. Kisha akashika paji la uso. "Niliona kama ni miezi tu. Kila mara niliona ni miezi tu."

Sikuwa na maneno makubwa. Nilikuwa na lile swali langu la zamani tu, nikalirudia. Nikamuuliza kama kisima chetu kilifaulu.

Akaigeukia ramani.

"Kilifaulu," akasema. "Vingine vyote vilikuwa vya wastani, visingemshangaza mtu. Chenu ndicho kilichofanya watu wa jarida watujibu. Kilifaulu kuliko vyote, mwanangu. Shahada yangu imetoka mle."