Baridi, Mbwa Aliyefungwa Nguzoni

Wenzangu mliokulia Balambala na vijiji vya kando ya Tana miaka ile ya tisini, niambieni kama ni mimi tu nimezeeka vibaya. Enzi zetu mbwa alikuwa na kazi. Alilala nje ya boma la miiba, alikula kwenye debe lake, na fisi akilia tu huko mbali, yeye ndiye alisimama kwanza. Hakuna aliyempapasa. Hakuna aliyempiga picha. Lakini pia hakuna aliyemfunga akamwacha juani kama mwizi aliyeshikwa sokoni.

Nasema kwa hasira, Mungu anisamehe. Mwanangu Yusuf ameleta mbwa kutoka Nairobi. Mbwa wa milimani, manyoya kama blanketi, wa kuchunga kondoo mahali watu wanavaa sweta mchana. Amemfunga nyuma ya nyumba yetu hapa Garissa mjini, kwenye nguzo ya tangi la maji. Nikamuuliza, huyu ni wa kazi gani? Akacheka.

"Hooyo, huyu hana kazi. Ni mrembo tu. Ona watu wangapi wamempenda kwa simu."

Hana kazi. Siku ya tatu nilienda kuanika nguo nikaona mchanga pale chini. Mbwa alikuwa amezunguka nguzo, amezunguka, mpaka miguu yake imechimba duara. Nilisimama na nguo mbichi mkononi, kwa sababu duara hilo nalijua.

Nilikuwa msichana mdogo, bado nafunga Ramadhani nusu siku na kujisifu kama nimefunga yote. Kulikuja Balambala bwana mmoja wa mifugo kutoka bara, wa kuchanja mbuzi. Alikuja na mbwa mweusi na mweupe, macho yake yakikuangalia unahisi umekosea. Sisi watoto tulimwita Baridi, maana tuliambiwa kwao maji yanaganda kwenye ndoo. Tulicheka huo uongo mpaka tukalala chini. Halafu yule bwana akahamishwa. Akapanda lori na godoro lake na redio yake, na mbwa akamwacha kwenye nguzo ya ofisi na mnyororo shingoni. Alihesabu vyombo vyake vyote, mbwa hakumhesabu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Baridi alizunguka ile nguzo siku nyingi. Wenzangu walimrushia mawe, na mimi nilirusha moja, sitaficha. Watu wakasema ana wazimu. Aabo, baba yangu, alipita akitoka msikitini, akasimama, akaangalia lile duara. Alikuwa mtu wa dini sana, hata kivuli cha mbwa hakukipenda karibu na mkeka wake. Lakini akasema, "Huyu si mwendawazimu. Huyu amenyimwa kazi." Akafungua mnyororo kwa ncha ya fimbo.

Hooyo, mama yangu, alilalamika wiki nzima. Ati malaika hawataingia, ati maziwa yatanajisika. Aabo akamjibu kwamba mbwa wa mifugo ameruhusiwa, na kwamba kuna mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumpa mbwa maji tu. Akakata debe la mafuta ya kupikia likawa bakuli lake, akaliweka mbali na nyumba. Alfajiri Baridi anatoka na mbuzi. Jua likipanda, anachimba shimo kwenye kivuli cha mgunga analala, na mimi kazi yangu ni kumwagia maji kwenye lile shimo, maana na yale manyoya angekufa. Alasiri anarudi kazini. Baada ya mwezi alikuwa mbwa mwingine. Ukimwambia "joog", simama, analala chini kama amepigwa msumari, macho tu ndiyo yanaenda.

Sasa, mbwa wetu sisi walijua kulinda tu. Huyu alijua kukusanya. Hatukuijua hiyo tofauti, na ilikaribia kumuua.

Siku moja nilipeleka mbuzi mtoni. Nikapata wenzangu, tukacheza vijiwe, nikajisahau. Mbuzi wetu wakachanganyika na mbuzi wa Adeer Salah, mzee jirani tuliyemwita baba mdogo ingawa hatukuwa damu moja. Baridi akaona mbuzi wametawanyika. Kwake mbuzi ni mbuzi. Akawazunguka wote akawaleta wote, mimi nyuma nakimbia na kandambili mkononi, na akawaingiza kwenye boma letu mpaka wakabanana kama magunia.

Kabla ya Magharibi Adeer Salah alikuwa amefika na fimbo na vijana wake watatu. Akaona masikio yaliyokatwa kwa alama yake ndani ya boma letu. Akamwambia baba yangu mbele ya watu kwamba amekaa naye miaka yote hakujua anafuga mwizi wa miguu minne. Alitaka mbwa achomwe mkuki hapo hapo. Mimi nilijua kosa ni langu, la vijiwe. Mwishowe nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, na Hooyo akanifinya mpaka leo nahisi.

Aabo hakubishana. Alifungua mlango wa miiba, wakatenga mbuzi mmoja mmoja kwa alama, halafu akasema, "Salah, tangulia nyumbani kwako. Usiangalie nyuma."

Adeer Salah alitangulia akinung'unika. Mbuzi wake wakaanza kutawanyika, unajua mbuzi na majani. Aabo akapiga mluzi. Baridi akatoka chini chini, tumbo likigusa mchanga, akaenda kushoto, akaenda kulia, hakubweka hata mara moja. Mbuzi wote wakamfuata yule mzee mgongoni mpaka bomani kwake, na Baridi akalala mlangoni, ulimi nje. Adeer Salah akaagiza maziwa, yakamiminwa kwenye kifuniko cha sufuria iliyotoboka.

"Mwizi wa namna hii," akasema, "niazimwe Jumatatu."

Na aliazimwa kila Jumatatu, mpaka meno yakamwisha.

Haya, mimi niliyesoma ngumbaru jioni na watoto wamelala, nimewezaje kumzaa kijana aliyemaliza shule zote na hajui mbwa anahitaji nini? Nilimwambia Yusuf achague: aamke Alfajiri amtembeze, au mbwa aende Balambala kwa kaka yangu mwenye mbuzi. Wiki mbili hajaamka. Jumamosi mbwa anapanda gari. Yusuf amenuna, na anune.

Mpaka hiyo Jumamosi ninamtembeza mimi. Nimevaa buibui langu, kamba nimeishika kwa kipande cha gunia. Akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, na udongo si kitu cha kutafuta Garissa. Majirani wananiuliza, "Mama Yusuf, siku hizi umekuwa polisi?" Nawaacha wacheke.

Leo asubuhi tulifika uwanja wa karibu na mto. Mbuzi wa mjini walikuwa wametawanyika wakila maboksi. Nikaachia kamba. Alitoka chini chini, tumbo likigusa mchanga, akawakusanya wote wakawa kundi moja, maboksi mdomoni, wameshangaa. Akaniangalia.

"Joog," nikamwambia, kama nilivyomzoesha njiani. Akalala.

Nikasimama pale, nikiangalia barabara. Hao ni mbuzi wa watu. Zamani mwenyewe angekuwa amefika na fimbo, ananiita mwizi, anataja mpaka jina la babu yangu. Nilingoja jua likapanda. Hakuna aliyekuja kuwaulizia.