Ngoma zake ni vyerehani vya kiwanda kilichofungwa

Saa tatu asubuhi. Mteja amekuja kuchukua cherehani chake, ameshalipa, lakini Fundi Bobini hamruhusu kuondoka.

"Kaa kwanza, kaka. Kikanyage kidogo nisikie," anamwambia, huku akibandika kipaza sauti kidogo chini ya meza, jirani na mota.

Mteja anadhani anathibitishiwa kwamba mashine imepona. Anakanyaga. Fundi amefumba macho, hedifoni masikioni, kidole kimoja juu. Anamwomba akanyage tena, haraka zaidi, halafu aachie ghafla. Anapotoka na mzigo wake, mteja anamnong'oneza mwandishi wa makala haya mlangoni: "Huyu mama mzima kweli?"

Mzima kabisa. Ila ule mlio wa sindano ikipenya kitambaa, ambao wewe na mimi tungeuita kelele, kabla ya chakula cha mchana utakuwa umekatwa vipande vipande ndani ya kompyuta, ukaongezwa uzito na kupangwa kwenye mstari. Utakuwa ngoma ya miguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, katika wimbo wa metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, ngoma zinazokimbizana, na mwimbaji anayepiga ukelele kama aliyekanyagwa kidole kibovu.

Katika chumba hiki hakuna gitaa wala ngoma. Kuna rafu ya mota zilizofunguliwa, kopo la mafuta, sindano zilizopangwa kwa unene ndani ya kisanduku cha sabuni, na kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha shati ili nyuzi zisiingie. Fundi Bobini, mwanamke wa miaka arobaini na saba, hajui kupiga ala yoyote. Kila pigo analiweka mwenyewe kwenye vyumba vidogo vya skrini, moja moja, jinsi mtu anavyopanga vifungo kwenye shati.

"Gitaa langu ni mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa," anaeleza. "Nimeishusha sauti mpaka imekuwa nzito, nikaichafua kidogo, basi. Na anayeimba ni king'ora cha kutoka kazini. Huyo hachoki wala haombi nauli."

Sauti zake nyingi alizinasa katika kiwanda cha mashati ya shule alikofanya kazi ya ufundi wa mashine tangu usichana wake hadi kilipofungwa. Mwandishi wa makala haya alimaliza shule ya msingi ndani ya mashati hayo, na shingo yake bado inazikumbuka kola.

Ukimwuliza habari za ukumbi wa kushonea wa kiwanda hicho, fundi anaweka spana chini.

"Tulikuwa tunasikilizana kwa macho," anasema. "Mashine zinalia, mtu yuko kule dirishani anakusengenya, na wewe mlangoni unaelewa kila neno kwa kutazama mdomo wake. Mvuke wa pasi, pamba puani, mtu kaficha karanga kwenye droo ya uzi. Usituone hivi, tulikuwa na raha zetu."

Jina la Bobini alibandikwa na dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa akishona kola mstari wa dirishani. Bobini, kile kibiringo cha uzi ndani ya cherehani, hukaa kikizunguka, na huyu mdogo wake hakuwa wa kutulia: kila cherehani kilipokwama, alikuwa ameshafika kabla ya kuitwa. Dada ndiye aliyemtafutia kazi, akamfundisha kula haraka wakati wa mapumziko na kumjua msimamizi wa kuogopwa na wa kutaniwa.

Kiwanda kilipofungwa, kimya cha nyumbani kilimtia wazimu. "Nilikuwa nawasha feni ili tu kitu kilie," anakumbuka. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa akibeba mashati yao alimpa lifti, na ndani ya lori kulikuwa kunapigwa metali kwa sauti ya juu. "Nikamwuliza, kaka, hiki ni kiwanda gani? Alicheka mpaka akasimamisha gari."

Wenzake walinunua mabati kwa kiinua mgongo chao. Yeye alinunua kompyuta, na nyumbani wakamnunia msimu mzima. Mpaka leo muziki haujamwingizia hata senti. Anakula kwa spana, na wiki akipata mashine nne za kukarabati anaihesabu kuwa wiki nzuri.

Malighafi alikuwa nayo tayari. Mwezi wa mwisho wa kiwanda alipita mstari kwa mstari na simu yake, akirekodi kila mashine kabla haijauzwa. Nia yake ilikuwa ukumbusho tu.

Wimbo wake wa kwanza ulikuwa takataka, na neno hilo ni lake mwenyewe. Nyuma ya kila pigo zilisikika porojo, vikohozi, mtu akiomba mkasi. Basi akajifunza kusafisha. Programu yake inaweza kuondoa kila kisicho mashine, naye aliondoa bila huruma, mpaka kila pigo likabaki peke yake, kavu na safi. Kompyuta ilipojaa, alifuta rekodi za mwanzo, pamoja na ule wimbo wa aibu.

Miaka miwili baadaye dada yake aliugua, akafariki.

Picha zake zilikuwa tele. Sauti yake haikuwepo popote. Alikuwa mtu wa kuzima simu ya mwenzake akihisi anarekodiwa, eti sauti yake inafanana na ya bata. Wiki chache baada ya mazishi, ndugu walipoanza kuulizana nani amehifadhi hata salamu, fundi alikumbuka ukumbi.

"Nikakumbuka zile rekodi, nikakumbuka na nilichozifanyia," anasema. "Dada alikuwa humo. Nilimfuta kwa mkono wangu, tena huku najisifu kwamba sasa ni safi."

Tangu hapo kila alipopata nafasi alirudi kwenye vipande vyake, akisikiliza mikia ya sauti, pale pigo linapofifia, pengine kitu kilisalia. Alipata pumzi moja, fupi, nyuma ya cherehani cha mstari wa dirishani. Akamwita mwenzake wa zamani, wanayemwita Kola hadi leo, aje aisikie.

Kola alivaa hedifoni akaanza kutabasamu kabla ya kuambiwa kitu. "Hii yangu hii! Ile iliyokuwa inakohoa ukiikanyaga," alisema, akazitaja mashine moja baada ya nyingine kwa mlio. Ilipofika ile pumzi, akavua hedifoni taratibu.

"Mdogo wangu, nisikudanganye," akamwambia. "Hiyo ni mimi. Nilikuwa na mafua wiki ile."

Fundi alicheka, anasema, kisha akakaa siku kadhaa bila kuigusa kompyuta. Aliona amefika mwisho. Dada yake alikuwa ameondoka na sauti yake, na aliyeifuta ni yeye.

Shemeji yake, mume wa marehemu, ni kinyozi mtaa wa pili. Miaka yote ameuita muziki ule kelele za karakana, na akipita hapa huziba masikio kwa madoido ili aonekane. Mwezi uliopita fundi alimpelekea mashine ya kunyolea aliyokuwa ameitengeneza. Alifika mapema, mkeka wa mlangoni bado haujatandikwa. Kinyozi alikuwa amempa mgongo, simu ameiegemeza kwenye kioo.

"Nasikia kelele za ukumbi wetu," anasimulia fundi. "Nikajua naota. Halafu Dada, vilevile alivyokuwa, na kale kauvivu kake ka kuvuta maneno: 'Mdogo wangu, niwashe?' Ngoma zikaingia. Shemeji akabonyeza, akarudisha mwanzo. Dada akauliza tena."

Ulikuwa ule wimbo wa kwanza, ule wa takataka. Alipoutengeneza alimtumia dada yake kwa furaha, akasahau. Kadi ya kumbukumbu ya simu ya marehemu ilibaki kwa mumewe.

Mwandishi wa makala haya alimkuta kinyozi kazini, akamwuliza ilikuwaje akanyamaza muda wote huo.

"Nilijua anayo," alijibu, kitana kikiwa hewani. "Si yeye ndiye aliyerekodi? Mimi ningejuaje kwamba mtu anaweza kufuta kitu kama hicho? Na wimbo wenyewe, samahani, sijawahi kuumaliza. Nasikiliza mwanzo tu, ndipo nafungua duka."

Asubuhi ile walilia wote wawili. Fundi amekaa kwenye kiti cha wateja, kinyozi ameshikilia beseni. Mteja wa kwanza aliingia, akawatazama, akatoka kimyakimya akanyolewe kwingine.

Kinyozi alimpa nakala kwa sharti moja: "Usimkate, shemeji. Na usimsafishe."

Sharti hilo ni gumu kuliko anavyojua. Kazi yote ya fundi ni kukata. Kila sauti huanzia pale pigo linapoanzia, na kila pigo hukaa ndani ya chumba chake. Lakini dada yake, baada ya kuuliza, alingoja. Ni kitambo kidogo cha ukumbi peke yake kabla cherehani hakijaanza, na hakiingii kwenye chumba chochote. Siku ile fundi alikuwa amesimama mbele yake na simu, na kwa kuogopa kuharibu rekodi, hakumjibu kwa mdomo. Alimwitikia kwa kichwa.

Mara ya kwanza alipomweka dada kwenye wimbo mpya, alikipunguza kile kitambo ili ngoma zishike mwendo. Akamsikilizisha shemeji. "Hapo umemharakisha," kinyozi akasema.

Akakirudisha chote. Badala yake wimbo mzima ndio uliosogezwa, king'ora, ovaloki na kila pigo, umfuate dada yake. Baada ya kile kitambo kinaingia cherehani cha dada mwenyewe, ambacho mlio wake uliosafishwa anao siku zote, halafu zinafuata nyingine mstari kwa mstari, jinsi ukumbi ulivyokuwa ukiamka asubuhi.

Anatarajia kuukamilisha kabla ya mwisho wa mwezi. Ameshaazima spika kubwa mbili, na Kola amepewa kazi ya kuwakusanya wenzao wote wa kiwandani wanaopatikana, waje uani kwa kinyozi wausikie. "Wakiuita kelele, waite," anasema. "Ni kelele yao."

Anamwita mwandishi karibu na kompyuta, anachomoa hedifoni ili wasikie wote, anabonyeza. Ukumbi unajaa chumbani: mota kwa mbali, mtu anacheka, mtu anaomba mkasi. Kisha sauti ya mwanamke asiye na haraka.

"Mdogo wangu, niwashe?"

Kinafika kile kitambo cha kungoja. Fundi Bobini ameikazia macho skrini, mikono mapajani.

"Washa, Dada," anasema.