Mkanda Tumboni, Shamba Ng'ambo

Mpiga kafi aliniambia nishuke. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Mama, shuka kwanza niwavushe hawa, halafu nikurudie wewe peke yako." Maji yalikuwa yameanza kuingia mtumbwini upande niliokaa mimi. Abiria wenzangu wakakodolea macho mto wakijifanya hawakusikia, isipokuwa mama mmoja mwenye kapu la samaki aliyecheka waziwazi. Nikashuka. Tope likanimeza mguu mpaka gotini, wakaja wanaume kunivuta mbele ya kivuko kizima. Mtumbwi uliporudi kunichukua, mimi nilikuwa nimeshageuka narudi nyumbani Garsen, namlaani kimoyomoyo kila aliyewahi kuchonga mtumbwi duniani.

Ng'ambo ile kulikuwa na shamba langu. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alituacha wasichana wawili, mimi na mdogo wangu, na kipande cha ukingo wa Mto Tana. Mdogo wangu aliolewa na Mwitaliano aliyekutana naye Malindi, akaenda zake Ulaya, shamba likabaki mikononi mwangu. Kwetu mashamba ya ukingoni ni vipande vyembamba, kimoja ubavuni mwa kingine, na kila mtu anajua cha nani kinaishia wapi. Lakini kujua tu hakutoshi. Maji ya mafuriko yakishuka, tope likiwa bado laini, lazima uonekane pale na mbegu zako. Usipoonekana msimu mmoja, watu husema unaumwa. Usipoonekana na wa pili, husema shamba halina mwenyewe.

Hayo yalikuwa baada ya mafuriko yale makubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini, yaliyoacha tope la kupanda mpunga mpaka ukachoka. Wiki ile ile baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, akaja kibarazani nilipokuwa nashona. Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti tangu mume wangu afariki, na nikikaa nilikuwa nakaa kweli, nikawa natanuka pande zote huku magoti yakinikataa.

"Mwanangu," akasema, "safari hii nimewaambia watu unaumwa. Maji yajayo yakishuka na wewe hupo, atalima kijana wangu. Si kwa ubaya."

Si kwa ubaya! Kila aliyenidhalilisha mwaka ule alianza au alimaliza na maneno hayo. Nikamwambia karibu chai. Akanywa, akaondoka. Nilishona gauni zima la bibi harusi kwa hasira, na nikalifumua kwa sababu mshono ulikwenda kombo.

Mdogo wangu alipokuja kututembelea na kunikuta nashikilia ukuta ili niinuke, alilia. Mimi sikulia, nilimwambia habari ya shamba. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu upasuaji wa huko kwao: wanakuwekea mkanda wa mpira juu ya tumbo la chakula, sehemu ya juu inabaki kifuko kidogo, ukila kidogo tu umeshiba. Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa anatania, na yeye na mumewe wakanichukua wakanipeleka. Hospitali ya huko sitaieleza, maana nilikuwa nimelala sehemu kubwa ya safari hiyo. Ninachokumbuka ni daktari, mtu mwenye vidole virefu, akimwambia mdogo wangu na mdogo wangu akinitafsiria: "Anasema utapungua polepole, dada. Usikate tamaa." Nikajibu mimi sikati, nimekuja kukatwa. Mdogo wangu akacheka, na daktari naye akacheka kwa kumwona.

Basi nikarudi Garsen. Jamani, siku ile! Habari zilikuwa zimenitangulia kwamba nimekwenda Ulaya kupunguzwa. Watu wakasimama pale basi linapotua kama wanapokea mbunge, wakingoja ashuke mwanamke mwembamba. Nikashuka mimi. Wakanyoosha shingo kumtafuta mwingine nyuma yangu. Halafu jirani yangu mmoja, mdomo wake haujawahi kufungwa, akauliza: "Sasa huo mkanda wamekufunga wewe au wamefunga begi?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Nilipofika ndani nikajifungia nikalia mpaka kovu likauma.

Halafu kazi ikaanza. Sima ilinikwama. Nilikuwa nimeila tangu sina meno, leo tonge moja linasimama kifuani kama limegoma, machozi yananitoka, nakimbilia nyuma ya nyumba. Arusini nikaaibika, nikatapika kipande cha nyama nyuma ya hema la wapishi, wakaanza kuniuliza kama nina mimba. Mjane mimi! Nikajifunza kula samaki kwa kumtafuna mpaka asahau kwamba aliwahi kuogelea. Wali vijiko vichache. Ndizi ya kupikwa iliyopondwa. Basi. Wenzangu wakiona sahani yangu walinihurumia kama mgonjwa.

Na pamoja na hayo yote, sikupungua. Yaani mwanzo nilipungua kidogo, gauni likalegea mabegani, nikafurahi, halafu uzito ukasimama. Nilikuwa nikienda kupimwa kwenye mizani ya magunia ya duka la nafaka, mchana kweupe, wachukuzi wote wakitazama. Mwenye duka aliniambia nije alfajiri watu wasipokuwapo. Nikamwambia thubutu! Magunia hayapimwi kwa kujificha, na mimi sijamuibia mtu uzito huu. Nikapanda, nikasubiri chuma kitulie, nikasoma mwenyewe kwa sauti. Namba ile ile. Mwezi uliofuata, namba ile ile. Mchukuzi mmoja akasema labda mizani imekufa, na mimi nikatamani sana iwe imekufa.

Mdogo wangu alikuwa akinipigia kwenye simu ya duka la jirani. Akauliza, "Unakula nini, dada?" Nikamjibu ukweli wangu: "Sili kitu. Nakunywa chai tu." Akaenda kumuuliza daktari, akarudi na jibu kwamba chai haina neno, ninywe tu. Nikashukuru, nikaendelea kunywa. Chai haikukwama hata siku moja. Iliteremka kama mvua kwenye mfereji, na njaa ikinisumbua juu ya cherehani, naongeza kikombe.

Sitaki mtu anidanganye kwamba katika miezi ile nilikuwa jasiri. Nilichoka. Kuna siku nilimwambia mdogo wangu nataka warudi waukate mkanda wao wauweke kwenye makumbusho. Kilichoniinua asubuhi halikuwa tumaini. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nikifumba macho namwona kijana wa baba mdogo, mtu mwenye viungo vyake vyote na shamba lake mwenyewe, akipiga jembe juu ya jasho la baba yangu. Ng'o! Basi naamka, natembea mpaka kivukoni na kurudi, magoti yanalia, wauza ndizi wananiuliza nimepoteza nini. Nawajibu nimepoteza adabu, pisheni.

Nilikuwa na rafiki, mama wa wafugaji, Muorma, aliyekuwa akileta maziwa Garsen kila asubuhi kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa kwangu. Kiangazi kilipokaza, watu wake wakahamisha ng'ombe kwenda mbali kufuata majani, na maziwa yakaadimika mjini. Nikawa nakunywa chai ya rangi. Sikuipenda. Bila maziwa hata sukari haikuwa na maana, nikaacha kutia. Nikavaa gauni langu la kazini siku moja nikaona limezunguka, mshono wa ubavu umekuja mbele. Nikadhani nimelivaa vibaya. Nikaenda kwenye mizani ya magunia. Namba ilikuwa imeshuka, na wachukuzi wakapiga makofi, washenzi wale, nikawapenda ghafla.

Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni mkanda umeamka. Mvua zilipokaribia rafiki yangu akarudi, akatua kibuyu chake kibarazani, akanimiminia kikombe kikubwa cha makaribisho, mimi nikakinyanyua mpaka mdomoni. Ile harufu ya moshi ilipoingia puani ndipo kitu kikabonyea kichwani mwangu. Nikakishusha kikombe chini.

Kumkatalia Muorma maziwa aliyokumiminia kwa mkono wake si mchezo. Uso wake ulibadilika. "Maziwa yangu leo iko na nini? Mimi nimekosa wewe nini?"

Nikamwambia haki ya Mungu hujanikosea, ni tumbo langu, nimewekwa mkanda, siruhusiwi kula sana, na nahisi maziwa ndiyo yanayonirudisha nyuma. Nikamweleza vile nisivyokula kitu kutwa nzima isipokuwa chai ya maziwa yake. Akanitazama, akatazama kibuyu, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Wewe! Sisi nyumbani tunakula nini? Maziwa. Ndama anakula nini? Watoto wangu wananona na nini? Wewe nanyima mwili sima, halafu nakunywa ng'ombe yote!"

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Sote wa Garsen tulikuwa vile. Ukimuuliza mtu umekula, anasema hapana, nimepiga chai tu, na chai yenyewe ni maziwa matupu yenye majani ya kupaka rangi na sukari ya kusimamisha kijiko. Mdogo wangu naye alikuwa amekaa kule mpaka amesahau. Nilipomwambia alipiga kelele kwenye simu. Daktari wa watu alikuwa akifikiria maji ya moto na majani!

Rafiki yangu hakuacha kupita. Alikaa kibarazani akanywa maziwa yake mwenyewe mbele yangu bila huruma, na mimi nikanywa rangi yangu, tukapiga soga. Uzito ukaendelea kushuka, lakini usifikiri ulikimbia. Ulikwenda kama punda aliyechoka, mara unakwenda, mara unasimama kabisa. Mvua zikanyesha, mto ukajaa, ukamwagika mashambani, ukaanza kushuka. Mimi nilikuwa bado mnene. Mwepesi kuliko mwanzo, ndiyo, lakini mnene, na hakuna aliyenipita njiani akadhani vingine.

Nilikuwa na sauti mbili kichwani. Moja inasema ngoja upungue kwanza, usijiaibishe tena mtoni. Nyingine inasema tope halingoji mtu apungue. Nikatia mbegu kwenye kanga, nikaenda kivukoni.

Mpiga kafi ni yule yule. Akanitazama, nikamtazama. "Usinipangie," nikamwambia. "Nitakaa katikati, chini kabisa, na wewe utapiga kafi." Nikaketi sakafuni, maji ya mtumbwi yakinilowesha. Wenzangu wakajigawa mbele na nyuma. Mtumbwi ukazama kidogo, ukafikiri, ukaenda. Hakuna aliyecheka, na hata wangecheka nisingeshuka.

Nilipofika, kijana wa baba mdogo alikuwa ameshaanza kulima kipande changu, baba yake amesimama pembeni. Sikuwasalimia kwanza, na mimi nimelelewa vizuri. Nikapita mpaka katikati ya shamba, nikajiachia nikaketi kwenye tope, pwaa, kwa sababu kuinama sikuweza. Nikatoboa shimo kwa kijiti, nikatia mbegu, nikafukia. Nikajisogeza kwa makalio, nikatoboa jingine.

"Mwanangu, utajiumiza," baba mdogo akasema. "Ungengoja upungue."

"Napungua hapa hapa."

Akamwashiria kijana wake aninyanyue, anipeleke kivulini. Kijana akaniingiza mikono makwapani akavuta. Akavuta tena, uso ukamwiva. Mimi nikaulegeza mwili wote, kila ratili niliyowahi kuionea aibu, nikaikalisha juu ya ardhi ya baba yangu. "Vuta, mwanangu," nikamwambia. "Usiogope, vuta!" Wa mashamba ya jirani walikuwa wameacha kazi wanatazama. Kijana akaniachilia, akafuta tope mikononi, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Akachukua jembe lake akaenda upande wao. Baba mdogo alisimama kidogo, kisha akamfuata.

Nilipanda kwa kukaa siku nyingi, na nguo zote nilizovaa msimu ule ziliharibika sehemu moja.

Mpunga ulipoiva nikavuna, nikatwanga, nikapika wali wa nazi, nikawaalika baba mdogo na kijana wake nyumbani. Wakala. Wali ulikuwa mzuri mno, unanukia nyumba nzima. Mimi nilitia vijiko vichache, nikatafuna, nikatafuna, kifuko kikajaa. Baba mdogo akaikodolea macho sahani yangu iliyobaki.

"Mbona huli wali wako, mwanangu?"

"Nala, baba mdogo," nikamwambia. "Nala polepole. Nyinyi malizeni mwende. Mimi nipo."