Boti ya Mpiga Picha

Niliondoka Kisumu kwa sababu mtu alitaka picha za summer. Neno ni lake, si langu. Sisi wa Kisumu tuna jua, tuna mvua, na tuna lile jasho la Januari linalokufanya ubadilishe blauzi kabla ya chakula cha mchana. Summer hatuna. Lakini meneja wa hoteli moja mpya iliyojengwa kisiwani alinipigia simu na kunieleza vizuri alichotaka.

"Madam, nataka beach tupu. Maji ya blue, mchanga mweupe, hakuna mtu. Mgeni akiona asikie ni yake peke yake."

Nitamwita Dennis. Jina la kisiwa sitalitaja, kwa sababu familia nitakayoisimulia haikuniomba niitangaze. Mimi nina studio ndogo karibu na soko la Kibuye. Napiga harusi, mahafali na picha za pasipoti. Nilizaliwa Nyeri, Kisumu nimekaa miaka mingi, na Kijaluo changu kinatosha kununua samaki na kubishana bei, basi. Hilo la lugha mlijue mapema, maana lilinigharimu asubuhi nzima.

Alfajiri nilikuwa barabarani na gari la kukodi. Tulipita Kisian kungali na giza, tukapita Holo watu wakifungua maduka, na jua likatukuta Ndori likiwa jekundu, bila wingu hata moja. Nilifurahi. Mpiga picha wa nje hana bosi mwingine ila hewa, na siku hiyo bosi alikuwa ameamka vizuri. Luanda K'Otieno tulipanda feri pamoja na magunia ya viazi, mbuzi wawili na mwalimu mmoja aliyesahihisha madaftari safari nzima bila kuinua kichwa. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Hapo kwenye feri nilianza kupanga picha kichwani.

Mbita, boti ya hoteli ilikuwa inaningoja. Ilikuwa boti nzuri, tena nzuri mno: nyeupe, injini kubwa, viti vyenye mito ya kitambaa cheupe. Nahodha wake, mwanamume wa makamo aitwaye Ouma, alinisalimia kwa adabu, akashika begi langu la kamera, kisha akanyamaza. Nilijaribu kumchangamsha. Nikamwambia leo ziwa limetuheshimu. Akasema, "Ndio, Madam," akatazama mbele. Watu wa gatini walimwambia jambo kwa Kijaluo cha haraka, sikulishika, nikadhani tu ana tabia ya ukimya.

Tulifika kisiwani jua likiwa limepanda. Nawaambia kweli, ufuo ule ni mzuri. Mchanga ni mweupe, maji ya karibu yanaonyesha mawe chini, na ya mbali yana rangi ambayo watu wakiiona kwenye picha hudhani nimeiongeza. Na ulikuwa mtupu. Mashua za wavuvi zilikuwa zimevutwa juu na kupangwa chini ya miti. Hakukuwa na nyavu mchangani, wala dagaa wa omena wa kuanikwa, wala redio. Nimewahi kupiga picha kwenye fuo nyingi za ziwa hili na sijawahi kukuta moja iliyonyamaza hivyo mchana.

Dennis alikuja akinyoosha mikono, amevaa shati la maua.

"Unaona? Nimeongea na hawa watu. Leo wametuachia beach."

Nikampongeza. Nilimwambia wazi kwamba ni mameneja wachache wanaojua kuandaa kazi namna hiyo. Nikapiga mchanga, nikapiga maji, nikapiga mwavuli mkubwa wa hoteli na kiti chini yake. Halafu Dennis akataka boti iwekwe majini, kama hatua ishirini kutoka ufukoni, ili ionekane inamngoja mgeni. Ouma akaipeleka, akaiacha ikielea, akarudi kwa kutembea ndani ya maji. Nikabadilisha lenzi nipate ile ndefu, na nilipoipeleka upande wa kushoto kutafuta mwisho wa ufuo, nikaona watu.

Walikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, wamekaa chini mchangani juani, karibu na majivu ya moto waliolala nao. Wote walitazama ziwa.

Nikamuuliza Ouma ni akina nani. Kwanza alimtazama Dennis, aliyekuwa mbali akizungumza kwenye simu.

"Kuna mtu amepotea huko ndani tangu juzi. Okelo. Mashua yake ilipatikana imepinduka."

"Ndiyo maana wavuvi hawajatoka?"

"Mtu akiwa ndani, sisi hatuvui, Madam. Utakula aje samaki na ndugu yako ako huko chini? Beach inafungwa mpaka apatikane."

Niliishusha kamera. Kumbe ule usafi niliousifu ulikuwa msiba. Dennis hakuwa ameomba ufuo kwa mtu yeyote. Alikuta watu wameacha kazi kwa ajili ya mwenzao, akaona nafasi.

Nilikwenda kutoa pole, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Wakanionyesha mke wa Okelo, mwanamke kijana mwenye leso kichwani, Mama Achieng'. Nilimpa mkono. Aliniangalia, akaangalia kamera shingoni mwangu.

"Wewe ndio wa picha?"

"Ndiyo, Mama."

"Tuliambiwa tungoje umalize," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sikuelewa, hadi shemeji yake, Odhiambo, aliponieleza. Ufuo ule ulikuwa na injini moja tu, na ndiyo iliyozama na Okelo. Wanaume walikuwa wakitafuta kwa kasia, na kwa kasia huwezi kufika kwenye mawe ya mbali, yale wanakolala ndege, ukarudi kabla upepo wa alasiri haujainuka. Kwa hiyo juzi ileile, asubuhi mashua ilipopatikana, walikwenda hotelini kuomba ile boti nyeupe. Dennis aliwaambia haiwezekani, imeshaoshwa, imewekewa mito, ni ya mpiga picha anayetoka Kisumu. Jana wakarudi, wakajibiwa hivyohivyo. Na leo upepo ukigeuka, alisema Odhiambo, utamsukuma hadi maji makubwa na hawatakuwa na mtu wa kuzika.

Juzi mimi nilikuwa studioni kwangu nikimpiga mtoto picha ya pasipoti. Jina langu lilikuwa huku kisiwani, linatumiwa kufukuza watu wenye msiba.

Nilirudi kwa Dennis nikitembea haraka kiasi kwamba kiatu kimoja kilibaki mchangani. Nikamwambia boti iende ikatafute. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemtuliza mteja.

"Madam, huyo mtu ashakufa. Hawezi kufa mara mbili. Lakini hii light saa nane imeenda. Piga kwanza, wataipata jioni."

"Jioni kutakuwa na upepo."

"Hiyo si mimi nimeleta."

Nina umri wa kuwa mama yake, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilitaka kumchapa mtu mzima. Badala yake nilimuuliza, kwa sauti ambayo hata jikoni walisikia, kama ni kweli aliwaambia wale watu kwamba boti ni yangu leo.

"Ni yako mpaka jioni, ndio. Ndio mpango."

"Basi mimi nimeituma. Ouma, chukua Odhiambo na wenzake, nendeni kwenye mawe."

Ouma hakungoja nirudie. Dennis alimfokea kwamba akiwasha injini asirudi kazini. Ouma alikunja suruali, akaingia majini, na wanaume watatu wakamfuata wakikimbia. Ile mito myeupe waliitupa ufukoni, mmoja mmoja. Mimi niling'oa ule mwavuli wa hoteli mchangani, nikaukokota mpaka walipokaa wanawake, nikausimamisha juu ya Mama Achieng'. Dennis alipiga kelele nyuma yangu kuhusu mkataba. Nilikaa chini na wale wanawake na sikupiga picha nyingine.

Baada ya adhuhuri mawingu yalianza kujikusanya upande wa Homa Bay. Maji yakabadilika rangi, kisha yakaanza kuruka. Kwa hewa ile hata mimi nisingepata picha, na nilimchukia Dennis kwa kuwa alisema kweli kuhusu mwanga. Mama mmoja mzee alianza kuimba kwa sauti ya chini, akaacha. Halafu tukasikia injini.

Walikuja polepole, na kwa ule upole tulijua kabla hawajafika. Walimlaza mchangani, wamemfunika kwa tanga. Wanawake walilia kilio ambacho sitakieleza. Walimkuta nyuma ya mawe, upande ambao hauonekani kutoka ufukoni, amekwama kwenye matete.

Odhiambo alikunja tanga upande mmoja ili mke aone mkono. Kwenye kifundo kulikuwa na kamba ya wavu, na kwenye kamba ulikuwa umefungwa mtungi wa plastiki, mtupu, umezibwa vizuri. Fundo lilikuwa limezungushwa mara nyingi na kukazwa. Mtu anayezama hana muda wa kufunga fundo la namna hiyo. Alilifunga akielea, akiwa na akili zake.

Mama Achieng' alilishika lile fundo kwa vidole vyote.

"Alikuwa anangoja mtu," akasema.

Nilimtafuta Dennis kwa macho. Alikuwa kwenye veranda, akihesabu mito.

Mvua ilinyesha usiku wote. Asubuhi nilivushwa hadi Mbita kwa mashua ya kasia, mimi na Ouma, ambaye alikuwa ameshafukuzwa. Mwendo ulikuwa mrefu na mikono yake ilikuwa imechubuka, lakini alikataa nimpokee kasia. Kwenye feri sikuitoa kamera. Niliyojifunza ni machache. Ufuo mtupu wa ziwa hili hautokei hivihivi, na kabla ya kuusifu, uliza waliouacha wako wapi. Jingine ni kwamba mtu anaweza kukukatalia uhai wa mwenzako bila hata kuinua sauti, akakuonyesha na ratiba.

Nilikuwa nimeshafika Kibuye, nafungua mlango wa studio, Dennis aliponipigia. Hakuuliza kuhusu mazishi. Alisema wiki ijayo hewa itakuwa nzuri tena, twende tumalize, yaliyopita yamepita.

Nilimuuliza boti iko wapi leo.

"Iko tu hapa," akasema. "Leo haina kazi."