Vidonge vya Chai Alivyoficha Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, shangazi yangu alipoanguka jikoni kwetu, mtaa wa Kyebando. Nakuita mwanangu kwa kuwa mtoto wa dada yangu ni wangu. Uzee bado sijaufikia. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili, na hofu ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Shangazi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kisumu, alikuwa akitumia dawa za presha. Usingizi ulipompaa, akaongeza vidonge vya theanini, kitu kinachopatikana kwenye majani ya chai na ambacho huwatuliza baadhi ya watu bila kuwalevya. Hakumwambia daktari. “Ni chai tu hiyo,” aliniambia. “Na wenzangu wa kanisani wakijua, watasema imani imeniishia.”

Kwenye zahanati, muuguzi alimpima presha, akaikuta iko chini mno.

“Mama, unameza dawa gani nyingine?”

“Hakuna, musawo. Ni hiyo ya presha tu,” shangazi akamjibu muuguzi.

Kando yetu alikuwa kiongozi wa kwaya yake, aliyetusaidia kumleta. Shangazi akanifinya mkono ninyamaze. Nilijiuliza mengi: siri ni yake, lakini na uhai ni wake. Nikasema, “Kila jioni anameza pia vidonge vya chai, vya kumtuliza.”

“Umenivua nguo,” shangazi akanong’ona.

“Banange, Mama Achieng!” kiongozi wa kwaya akadakia. “Hayo tu? Mimi mwenyewe nameza vya usingizi!”

Muuguzi hakucheka. Alisema hawezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyomwangusha. Ila huenda vikashusha presha, na kuvichanganya na dawa zake bila daktari kujua ni hatari. Shangazi aliviacha, akapona. Kunisemesha, hata hivyo, kulichukua siku kadhaa.

Basi mwanangu, usiamini kwamba kilichotoka kwenye jani la chai hakiwezi kudhuru. Ukitumia vidonge hivyo, usizidishe kipimo kilichoandikwa, wala usivichanganye na pombe au dawa za usingizi. Mwenye presha, mjamzito na anayenyonyesha wamuulize daktari kwanza. Hofu ikikunyima usingizi, itafutie mtu wa kuisikiliza, kidonge hakitaimaliza. Na muuguzi akikuuliza, mtajie kila unachomeza, hata kile unachokionea haya.

Mungu akupe usingizi mtulivu, na siku utakayoshindwa kusema, akuweke karibu na mtu atakayekusemea.